Mkonga, Matope na Spesa: Historia ya Gari za Mpanda Kupanuliwa Miguu

Leo stori za mastaa naziweka pembeni kidogo, maana kuna jambo limenikaa moyoni tangu msimu wa mvua uliopita. Majina yote kapuni kama kawaida yetu.

Tulikuwa tunatoka Karema, kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, tunarudi Mpanda na magunia ya dagaa. Gari ni Mkonga ya mjomba, Land Cruiser ya zamani yenye lile bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Mjomba anaendesha, mimi niko pembeni yake, tandiboi yuko nyuma juu ya mzigo. Ghafla nikaona tairi linatupita kwa upande wa kushoto. Nikamwambia, "Mjomba, kuna mtu kapoteza tairi." Akanijibu, "Ni letu hilo." Kabla sijaelewa, mbele kushoto pakashuka, chuma kikalima barabara, tukaingia mtaroni.

Tandiboi alivunjika mkono. Lile tairi likaenda kupita hatua chache tu kutoka kwa mama aliyekuwa na mtoto mgongoni. Mpaka leo nikimkumbuka yule mama nakosa raha.

Kilichosababisha? Spesa. Vile vyuma vya duara vinavyowekwa kati ya habu na ringi ili tairi isogee nje. Nikaanza kujiuliza, hivi vitu vilifikaje huku kwetu? Twende kazi.

Mwanzo ilikuwa reli

Watoto wa juzi wanadhani Mpanda ni mji wa dhahabu tu. Wazee wanajua ulikua kwa sababu ya risasi, yaani lile madini, sio ya bunduki. Kwa ajili ya mgodi huo Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kama kilomita 210, likaanza kazi mwaka 1950. Ukitoka stesheni, kilichobaki ni pori, mbung'o na udongo mweusi wa mbuga. Huo udongo kiangazi unapasuka kama kisigino, mvua ikinyesha unakuwa ugali unaoshika kila kitu.

Miaka hiyohiyo ndiyo dunia ilipata gari za kuvuka pori. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Toyota wakatengeneza ya kwao mwaka 1951, na jina Land Cruiser likaja 1954. Katavi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1974, leo ina kilomita za mraba 4,471, na huko ndani ukikosa gari ya difu mbili wakati wa mvua, kaa nyumbani.

Mwaka 1984 ikazaliwa Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Ndiyo Mkonga yetu hii. Imebeba askari wa wanyamapori, wagonjwa, wakimbizi, watalii, maharusi na majeneza. Ilikuja na tairi nyembamba za 7.50 inchi 16, na wengi wakaziona za kizamani.

Tairi pana ndiyo ikaleta shida

Vijana walitaka gari lionekane limeshiba. Sio urembo tu, tairi pana linaelea vizuri zaidi kwenye mchanga. Shida ni kwamba ukifunga tairi pana kwenye ringi ileile, upana unaongezeka nje na ndani pia. Ukikata kona mpaka mwisho, tairi la mbele linasugua springi. Hapo kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kununua ringi zilizotengenezwa zikae nje zaidi, na hizo bei yake unaijua. Ya pili ni kuweka spesa.

Halafu kuna kituko cha kiwandani. Mwaka 2007 Toyota waliweka injini ya dizeli ya V8 kwenye huu mfululizo. Injini ni pana, kwa hiyo wakapanua mbele. Nyuma wakaacha vilevile! Magurudumu ya mbele yakawa yamepishana kwa milimita 95 zaidi ya ya nyuma. Kwenye lami hujui. Kwenye matope, tairi la nyuma halifuati mfereji uliochimbwa na la mbele, linachimba wake. Gari linafanya kazi mara mbili. Madereva wa Australia wamelalamikia jambo hili miaka nenda rudi, na wengi walitamani spesa nyuma. Cha ajabu, kanuni za hukohuko Australia kuhusu gari zilizobadilishwa zinakataza spesa ambazo hazikuja na gari kutoka kiwandani. Ina maana hata wenye mafundi wa kisasa waliziogopa.

Kwa nini ziogopwe?

Chukua ndoo ya maji. Ishike karibu na mwili, unatembea nayo. Sasa nyoosha mkono kabisa. Ndoo ni ileile, lakini bega linalia. Tairi likisogea nje, beringi na stadi zinalia hivyohivyo, kwenye kila shimo. Na tuelewane, spesa hainyanyui gari. Inasogeza tairi nje tu. Ukitaka nafasi ya tairi refu, unaweza kujikuta umetoka kusugua springi, sasa unasugua madigadi.

Ila spesa sio zote sawa. Ile nzuri inafungwa kwenye habu kwa nati zake, halafu yenyewe ina stadi zake za kubeba ringi. Katikati imechongwa ikae kwenye habu bila kucheza. Na lazima uijue gari yako. Mkonga za zamani zina stadi 6, duara la milimita 139.7. Kuanzia 1999 nyingi zikaja na stadi 5 na duara la milimita 150. Ukibahatisha, unajichimbia kaburi.

Ya mjomba ilikuwaje? Fundi mmoja pale mjini, jina kapuni, alikata bamba la chuma la kama milimita 15, akatoboa matundu sita, akalichomeka tu kwenye stadi zilezile za kiwandani. Sasa fikiria, bamba limekula urefu wa stadi, ringi nayo imekula, nati imebaki kushika meno machache. Stadi nene milimita 12 inatakiwa nati iishike angalau urefu wa milimita 12. Yetu haikufika hata nusu. Na tangu zifungwe hakuna aliyezikaza tena, wakati spesa inatakiwa ikaguliwe baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo, halafu kila safari ngumu.

Siwezi kumlaumu fundi peke yake. Mjomba alitaka bei rahisi. Na mimi ndiye niliyemwambia gari likipanuliwa litapendeza kwenye picha. Hiyo sijawahi kumwambia tandiboi.

Mjomba amerudia tairi za 7.50. Anasema wazee walivuka Katuma na tairi hizohizo, na nyembamba linakata matope mpaka likute ardhi ngumu. Lami ya Tabora imefika, lakini Karema na Mwese bado wanatusubiri na matope yao.

Kama gari yako ina spesa, kesho asubuhi kabla hujawasha, chukua spana ukaguse kila nati. Halafu njoo hapo chini uniambie umekuta ngapi zimelegea.