Majumba ya Mji Mkongwe na Pembe za Maniema

Historia ya majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja haianzii pwani peke yake. Sehemu yake inaanzia bara, kwenye kingo za mto Lualaba. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Kutoka huko pembe za ndovu za Maniema zilibebwa hadi pwani na wapagazi, waungwana kwa watumwa. Mmoja wa matajiri waliomkopesha mali ya misafara alikuwa Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja.

Mwaka 1887 Topan aliweka jiwe la msingi la jengo kubwa mbele ya bandari, akikusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Baadaye liligeuzwa kuwa zahanati, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likaachwa mpaka likachakaa. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati, nalo likafanywa kituo cha utamaduni.

Kubadilishiwa kazi huko si anasa. Majumba haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Paa likivuja, boriti huoza na kuta hukosa cha kuzishikamanisha. Saruji ikipakwa badala ya chokaa, unyevu hufungiwa ukutani. Nyumba isiyo na mtu wa kuiangalia kila masika, basi, imo njiani kuanguka. Mamlaka ya kuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka lilipokuwa likikarabatiwa.

Lakini kuta zaweza kuokolewa na habari zake zikapotea. Kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na mgeni aingiapo hapo huelezwa biashara iliyofanyika. Jengo la Topan husifiwa zaidi kwa roshani zake za mbao zilizochongwa. Mkopo, msafara na pembe ndivyo vitajwavyo kwa nadra. Uhifadhi ulio kamili hauna budi kujibu maswali mawili: jumba litumike kwa kazi gani, na mali iliyolijenga ilitoka kwa nani. Kwa swali la pili, sehemu ya jibu iko Maniema.