Ufundi wa Mkono ni Mali ya Nani?

Kijana mmoja wa mji wetu, fundi wa friji na mashine za baridi, alitujia jioni moja na karatasi mkononi. Ilikuwa kontra yake ya kazi, kurasa nne za Kifaransa kigumu. Kazi yenyewe haikumsumbua, wala mshahara. Kilichomsumbua ni sharti moja lililoandikwa karibu na mwisho: siku atakapoacha kazi, au atakapoondoshwa, asiguse kazi ya friji kwa muda wa miaka 3 katika jimbo lote, wala kwa bwana mwingine wala kwa faida yake mwenyewe. Akivunja sharti, atalipa fedha nyingi. Akatuuliza: "Wazee wangu, mimi sijui kazi nyingine. Miaka hiyo 3 nitakula nini?"

Wanasheria huliita sharti la kutoshindana. Wengine wadhani ni uzushi wa makompani ya siku hizi. Sivyo. Lina umri wa zaidi ya miaka 600, na katika miaka hiyo sheria imegeuka mara nyingi, mara kumtetea fundi, mara kumtetea bwana wa kazi. Twaona yafaa kuisimulia habari hiyo tangu mwanzo.

Twende kwanza Uingereza, mwaka 1414, zamani za mfalme Henry wa Tano. Palikuwa na fundi wa kutia nguo rangi, jina lake John Dyer. Na hilo jina Dyer lenyewe maana yake ni mtia rangi. Huyu alikuwa amejifunga kwa maandiko kwamba hatafanya kazi ya kutia rangi katika mji fulani kwa muda wa nusu mwaka. Mwenye maandiko akamshitaki, adai fedha, asema sharti limevunjwa. Dyer hakusema kwamba sharti ni baya. Alijitetea tu kwamba amelishika. Lakini hakimu mmoja, jina lake Hull, alipolisikia lile sharti alikasirika. Aliapa kwa jina la Mungu mbele ya baraza, akasema maandiko hayo ni bure kabisa, ni kinyume cha sheria ya nchi, na kama mshitaki mwenyewe angalikuwapo pale, angalikwenda gerezani mpaka amlipe mfalme faini.

Maneno hayo yameandikwa kwa Kifaransa, maana mambo ya mabaraza ya Waingereza wakati ule yaliandikwa katika Kifaransa cha mahakimu, ambacho fundi wa kawaida hakukielewa. Wasomaji wetu wanaotia sahihi kontra wasizoweza kuzisoma watacheka kidogo.

Kwa nini hasira nyingi namna ile kwa ajili ya nusu mwaka tu? Kumbuka tauni kubwa ya miaka 1348 na 1349. Iliua watu wengi mno, mashamba yakakosa wakulima, miji ikakosa mafundi. Serikali ikatunga amri ya mwaka 1349 na sheria ya mwaka 1351, kwamba kila mtu mwenye nguvu asiye na mali yake afanye kazi, tena kwa mshahara wa zamani. Basi katika nchi ya namna hiyo, mtu anayemfunga fundi asifanye kazi aliiba kitu cha watu wote. Sheria hizo hazikutungwa kwa kumhurumia maskini, zilimkaza sana. Lakini kwa John Dyer zilisaidia.

Tena palikuwa na vyama vya mafundi. Mtu alijifunza kazi miaka mingi kwa bwana wake, na sheria ya mwaka 1563 iliweka miaka 7. Akiisha kufuzu, hakuweza kuhamia mji mwingine kwa urahisi, wala kushika kazi nyingine, maana kila kazi ilikuwa na chama chake. Kumkataza kazi yake katika mji wake ni kumnyang'anya chakula. Na mabwana waliojaribu kufanya hivyo walikuwapo siku zote, kwa kuwa mwanafunzi wa leo ndiye mshindani wa kesho. Si wote walio kama Akwila na Priskila wa Korinto. Matendo ya Mitume yatusimulia kwamba Paulo alipofika alikuwa na ufundi uleule wao, wa kushona hema. Hawakumfukuza, walimkaribisha nyumbani, wakafanya kazi pamoja.

Karibu miaka 300 ikapita baada ya Dyer, mahakimu wakishika njia ileile ya kukataa, ingawa polepole waliikubali mipaka midogo. Mwaka 1711 ndipo mlango ulipofunguliwa, na kesi ilikuwa ya mikate. Mwokaji mmoja, Reynolds, alimwachia mwokaji mwenzake Mitchel nyumba yenye tanuri ya mikate kwa miaka 5, katika parokia ya Mtakatifu Andrea huko Holborn, mjini London. Akaahidi kwamba katika miaka hiyo hataoka mikate ya kuuza katika parokia ile. Akioka atalipa paundi 50. Kisha akaoka. Aliposhitakiwa akajibu: mimi ni mwokaji niliyefunzwa kazi yangu, na sharti la kunizuia kazi yangu ni bure.

Hakimu mkuu Thomas Parker hakumkubalia. Alisema yatupasa kutazama sababu ya sharti. Mtu akiuza duka lake pamoja na wateja wake, kisha akafungua jingine mlango wa pili, amemdanganya mnunuzi. Sharti la parokia moja na la miaka michache lamlinda mnunuzi, wala halimwui muuzaji, maana aweza kuoka parokia nyingine, na watu hawakosi mikate. Lakini sharti la kumzuia mtu katika ufalme wote halifai, kwa kuwa mfanya biashara wa London apata faida gani mtu asipofanya kazi Newcastle, mbali kaskazini? Pia alitaja hatari nyingine, na ndiyo ituhusuyo sisi: kwamba mabwana wangependa kuwafunga wanafunzi wao, wasiwachukulie wateja watakapofuzu.

(Parker huyo baadaye alikuwa Lord Macclesfield, na mwaka 1725 alihukumiwa kwa kula rushwa, akatozwa paundi 30,000. Walakini hukumu yake ya tanuri yafundishwa katika vyuo vya sheria hata leo.)

Basi tangu 1711 swali lilikuwa jingine. Mahakimu hawakuuliza tena kama mtu amezuiwa kazi yake. Waliuliza kama kizuizi chake kina kiasi. Neno hilo "kiasi" ni zuri, lakini hunyoshwa kama mpira. Reli na meli zilipokuja, wateja wa mtu mmoja walienea nchi nyingi, na kiasi nacho kikaenea. Mwaka 1894 baraza kuu la Waingereza lilimhukumu Thorsten Nordenfelt, Mswidi mtengenezaji wa mizinga. Alikuwa ameuza kazi yake kwa paundi 287,500 na kuahidi kwamba kwa miaka 25 hatatengeneza mizinga mahali popote duniani. Mahakimu walisema ahadi hiyo ni halali: wanunuzi wa mizinga ni serikali za dunia yote, na yeye alilipwa vema.

Haya, Nordenfelt alipokea paundi laki mbili na zaidi. Je, fundi wetu wa friji amepokea nini? Hapo ndipo pa kutenganisha mambo mawili. Muuzaji wa duka aliuza kitu, akalipwa bei yake. Mtu wa kazi hakuuza duka. Aliomba kazi kwa kuwa watoto walia njaa, akapewa karatasi atie sahihi. Papa Leo wa XIII alikuwa amekwisha kulisema jambo hilo mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum: mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, kukubali kwake si kukubali kwa haki, ametendewa jeuri. Hatusemi kwamba mahakimu wa London waliisoma barua hiyo. Lakini baada ya miaka michache walifika karibu na hapo.

Mwaka 1913 ililetwa kesi ya mtu aitwaye Mason, aliyetembea nyumba kwa nyumba kutafuta wateja wa kompani ya nguo na kukusanya malipo yao. Alifanya kazi hiyo katika sehemu moja ndogo ya London. Sharti lake lilimkataza kazi ya namna hiyo kwa miaka 3, ndani ya maili 25 kuizunguka London, mahali penye watu mamilioni. Baraza kuu likalitupa. Hakimu Moulton akafunua siri: mabwana wa kazi huandika sharti pana kupita haki, wakijua kwamba mtu mdogo ataogopa gharama za kesi, atatii bila kuuliza. Maneno hayo twayapenda kuliko yote katika habari hii, maana ni kweli hata leo. Sharti baya lafanya kazi yake katika woga, hata kama halitafika mbele ya hakimu.

Mwaka 1916 ikaja kesi ya Saxelby, aliyeingia tangu utoto katika kompani ya vyombo vya kuinulia mizigo, akakua humo mpaka akawa mhandisi. Alikatazwa miaka 7 katika Uingereza yote. Mahakimu walisema: siri za kompani ni mali ya kompani, wateja wake nao hulindwa, bali akili, macho na mikono ya mtu, pamoja na ustadi alioupata kazini, ni mali yake mwenyewe.

Bara la Ulaya lilishika njia nyingine. Wafaransa, kwa sheria ya mwezi wa Machi 1791, walimpa kila mtu ruhusa ya kufanya kazi yoyote aipendayo, mradi achukue kibali. Wafaransa walipoitwaa Ubelgiji mwaka 1795, sheria hiyo iliingia nako, ikakaa zaidi ya miaka 200. Wadachi waliongeza neno la busara mwaka 1914: ukitaka karani wako wa biashara akae bila kukushindana baada ya kazi, mlipe angalau nusu ya mapato yake, tena isizidi miaka 2. Wabelgiji, kwa sheria ya tarehe 3 Julai 1978, walifuata mfano huo: sharti liandikwe, lisizidi miezi 12, na bwana wa kazi alipe angalau nusu ya mshahara wa muda huo. Mwenye mshahara mdogo hafungwi kabisa. Tangu hapo mabwana hufikiri mara mbili kabla ya kumzuia mtu, maana kumzuia kuna bei.

Marekani wamegawanyika. California ililikataza sharti hilo kwa watu wa kazi tangu mwaka 1872, na mafundi wake wa kompyuta wahama toka kompani hii hata ile bila hofu. Mahali pengine hata wapanga nyama katika mikate walifungwa na sharti hilo, mpaka jimbo la Illinois likatunga sheria mwaka 2016 ya kuwaokoa wenye mshahara mdogo. Tume ya biashara ya serikali ilikisia kwamba watu milioni 30 wamefungwa namna hiyo, yaani mtu mmoja katika kila watano. Mwezi wa Aprili 2024 ikatoa amri ya kulikataza karibu lote. Mwezi wa Agosti hakimu wa Texas akaifuta kabla haijaanza kutumika, na Septemba 2025 tume yenyewe ikaacha kukata rufani.

Na kwetu Kongo? Wazee wanajua habari ya kontra za zamani. Chini ya dekreti ya tarehe 16 Machi 1922, mtu aliyeikimbia kazi kabla ya kontra kwisha aliweza kufungwa. Kontra zile zilimshika mtu wakati wa kazi. Sharti la kutoshindana lataka kumshika hata baada yake.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yaanza vizuri. Yasema kwamba sharti la kumkataza mtu, baada ya kontra kwisha, kufanya kazi yake mwenyewe, au kushirikiana na wengine, au kuajiriwa na bwana mwingine, ni bure. Kisha yaweka ruhusa. Sharti litakuwa na nguvu ikiwa mtu ameondoshwa kwa kosa zito, au ameacha kazi mwenyewe bila kosa zito la bwana wake. Hata hapo, lazima awe anajua wateja au siri za biashara kiasi cha kuweza kumdhuru sana bwana wake. Lazima katazo lihusu kazi ileile aliyokuwa akiifanya. Na muda usizidi mwaka mmoja. Faini iliyoandikwa ikiwa kubwa kupita haki, tribinali itaipunguza mtu akiiomba. Jambo moja twalikosa: sheria yetu haimwambii bwana wa kazi alipe kitu kwa mwaka huo wa kukaa bure, kama walivyofanya Wadachi na Wabelgiji. Wabunge wetu wangeweza kulitazama.

Tulimweleza yule kijana hayo yote. Miaka 3 haikubaliki, kwa kuwa sheria yataka mwaka mmoja tu. Akiondoshwa bila kosa zito, sharti limekufa. Akiacha mwenyewe, bwana wake atalazimika kuonyesha ni siri gani au ni wateja gani anaowajua, maana kujua kutengeneza friji si siri ya mtu, alifunzwa shuleni. Akasikiliza vizuri, kisha akafunua ukurasa wa mwisho. Sahihi yake ilikuwa imekwisha kutiwa, tangu mwezi uliopita.

Tukamwambia aitunze ile karatasi, na aandike pembeni yake, kwa Kiswahili, mwaka wa ile sheria.