Kwa Nini Kompyuta Mbili za Nyumba Moja Hazionani: Historia Fupi

Leo hakuna msimbo wa kunakili, kuna historia. Nimeifuata historia hii kwa sababu ilinisumbua nyumbani kwetu.

Desemba iliyopita nilikuwa kwa mama, Nakuru. Sebuleni bado kuna kompyuta ya mezani ambayo marehemu baba aliinunua nikiwa shule ya msingi. Mama huitumia kuchapa kumbukumbu za chama chao cha akina mama. Ndani yake kuna folda moja inayoitwa PICHA: harusi za shangazi, mazishi ya babu, na video pekee tuliyo nayo ya nyanya akiimba. Safari hii diski yake ilikuwa imeanza kugonga: tik, tik, tik. Anayezijua kompyuta anajua maana ya sauti hiyo. Faili zilitakiwa zihame kabla diski haijakata roho.

Matundu yake ya USB yalikufa zamani, na kibodi yake ni ile ya plagi ya duara. Njia iliyobaki ni waya wa mtandao. Nikaiunganisha na rauta, nikawasha laptopu yangu, nikafungua sehemu ya mtandao. Tupu, hakuna kompyuta hata moja. Nikajaribu ping, majibu yakaja vizuri. Nikaandika anwani yake ya namba moja kwa moja, laptopu ikakataa: ile kompyuta inatumia itifaki ya kale isiyo salama, SMB1.

Mama akauliza, "Kwani hazijuani, na ziko nyumba moja?"

Swali zuri. Jibu lake lina miaka zaidi ya arobaini.

Mwanzo: ofisi moja, watu wanaojuana

Mwaka 1983 kampuni ya Sytek iliiundia IBM kitu kilichoitwa NetBIOS, njia ya kompyuta ndogo za ofisini kuzungumza. Kila mashine ilipewa jina fupi. Hakukuwa na daftari la majina. Kompyuta ikimtafuta mwenzake ilipiga kelele kwa wote: "Nani hapa anaitwa UHASIBU?" Mwenye jina akaitika. Kwa mashine chache zilizo kwenye waya mmoja, mpango huo ulitosha kabisa.

Wakati huohuo Barry Feigenbaum wa IBM alikuwa akibuni SMB, itifaki ya kuifanya programu ya DOS ifungue faili iliyo kwenye kompyuta ya mwenzako kana kwamba iko kwenye diski yako. Kumbuka mambo haya mawili, maana ni tofauti: NetBIOS ni ya kuitana majina, SMB ni ya kuombana faili. Matatizo mengi ya nyumbani huanza pale mtu anapoyachanganya.

Kelele ile haivuki rauta. Ndiyo maana hadi leo laptopu iliyo kwenye Wi-Fi ya wageni na kompyuta iliyo kwenye waya zinaweza kuwa chumba kimoja zisionane.

Orodha iliyochelewa

Mwaka 1992 Microsoft ilitoa Windows for Workgroups, na kugawana folda kukawafikia watu wa kawaida. Ndani yake mlikuwa na utaratibu wa kupendeza: kompyuta zilizo kwenye kundi moja hupiga kura, mshindi akawa mtunza orodha ya waliopo. Wengine humjulisha kila baada ya dakika 12 kwamba bado wapo. Aliyenyamaza mara tatu anafutwa.

Piga hesabu: kompyuta iliyozimwa ghafla inaweza kubaki kwenye orodha kwa dakika 36, wakati mwingine zaidi. Na mtunza orodha mwenyewe akizimwa, kura inarudiwa. Miaka ile mafundi wengi walibadilisha waya na kadi za mtandao kutafuta ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kusubiri kikombe cha chai kiishe.

Mwanafunzi wa Canberra

Mwishoni mwa 1991 Andrew Tridgell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kule Canberra, alitaka kompyuta yake ya DOS isome faili zilizo kwenye mashine ya Unix. Hakuwa na maelezo ya itifaki. Akatega sikio kwenye waya, akatazama swali linavyoulizwa na jibu linavyorudi, kisha akaandika programu inayojibu vivyo hivyo.

Baadaye jina la programu yake likagongana na alama ya biashara ya kampuni nyingine. Akaiagiza kompyuta itafute kwenye orodha ya maneno ya Kiingereza neno lenye S, M na B kwa mpangilio huo. Akapata Samba. Mimi nimejaribu mchezo huohuo kwa Kiswahili: nimepata simba, shamba, sumbua, na lililo bora kuliko yote, sambaza. Angekuwa na kamusi yetu angepata jina linaloeleza kazi yenyewe, tena Mkenya yeyote aliyewahi kumtumia mwenzake salio angelielewa bila maelezo.

Leo Samba imo ndani ya visanduku vingi vya kuhifadhi faili vinavyouzwa madukani. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru Microsoft itoe maelezo ya itifaki zake kwa washindani. Mahakama ikaunga mkono uamuzi huo Septemba 2007, na Desemba mwaka huohuo watu wa Samba wakayapata kwa ada ya yuro 10,000.

Kikulacho ki nguoni mwako

Itifaki iliyozaliwa kwa watu wanaoaminiana ilibeba kuaminiana huko hadi kwenye intaneti. Oktoba 2000 Microsoft ilitoa kiraka cha Windows 95 na 98, kwa sababu mgeni angeweza kufungua folda yenye neno la siri kwa kujua herufi ya kwanza tu. Mwaka 2004, baada ya minyoo kama Blaster, Windows XP SP2 ikaja na fayawoli iliyowashwa tayari. Usalama uliongezeka, na malalamiko ya "jana zilionana, leo hazionani" pia.

Vista ilileta SMB2, itifaki iliyoandikwa upya: amri zaidi ya mia moja zikapunguzwa hadi 19. Lakini SMB1 haikuondolewa, kwa sababu kila mahali palikuwa na printa au kompyuta kuukuu inayoitegemea. Septemba 2016 Ned Pyle wa Microsoft aliandika hadharani akiwasihi watu waache kuitumia. Wengi hawakumsikia.

Machi 14, 2017 kiraka cha tundu moja la SMB1 kikatolewa. Mwezi uliofuata, silaha ya kutumia tundu hilo, iliyotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani NSA, ikamwagwa kwenye intaneti. Mei 12 WannaCry ikaanza. Kwa siku chache iligusa kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zilihairisha matibabu ya wagonjwa. Mnyoo huu haukungoja mtu abofye chochote; uliruka kutoka mashine hadi mashine kupitia poti 445, ileile ya kugawana faili.

Oktoba 2017 toleo la 1709 la Windows 10 likaanza kusakinishwa bila SMB1. Yule mtunza orodha wa 1992 aliitegemea SMB1, basi naye akaenda. HomeGroup, njia rahisi iliyoletwa na Windows 7 mwaka 2009, iliondolewa mwaka 2018. Samba nayo ikaizima SMB1 kwenye toleo la 4.11 mwaka 2019, isipokuwa mwenyewe uiwashe.

Turudi Nakuru

Sasa unaona. Kwenye laptopu yangu hakuna kilichokuwa kimeharibika. Orodha ilikuwa tupu kwa sababu mtunza orodha alistaafu, na faili zilikataliwa kwa sababu lugha pekee ya mashine ya baba ilikuwa imepigwa marufuku, tena kwa haki.

Ushauri wa kwanza utakaoupata ukitafuta ni kuiwasha SMB1 upya. Inawezekana, ni kutia alama mahali pamoja tu. Nilifika hapo, mkono uko kwenye kipanya. Lakini laptopu hii naenda nayo kazini, na najijua: nikiwasha kitu leo, kukizima nitasahau.

Nikachomoa waya wa intaneti kwenye rauta, nikaweka seva ndogo ya FTP kwenye laptopu, kisha kwenye ile kompyuta kuukuu nikatumia amri ya ftp iliyokuja nayo kusukuma folda nzima. FTP haifichi chochote, ndiyo maana nilichomoa intaneti kwanza. Kinachochekesha ni kwamba FTP ni ya mwaka 1971, mkubwa wa SMB kwa zaidi ya miaka kumi. Ilichukua usiku mzima, diski ikigonga. Faili nne hazikusomeka. Video ya nyanya ilifika.

Basi, kompyuta zako zikikataa kuonana, pima kwa utaratibu. Kwanza njia: je, ping inajibu? Pili jina: je, ukiandika namba badala ya jina inafunguka? Tatu lugha: je, zote mbili zinajua SMB2 au zaidi? Nne ruhusa: je, fayawoli imeruhusu, na je, una jina na neno la siri kwenye ile mashine nyingine? Kila hatua iliwekwa mwaka wake, na watu waliokuwa wakiogopa kitu kingine.

Na usingoje diski ianze kugonga. Nakili picha za nyumbani leo.

Tuonane tena.