Mizani ya Mkimbiaji: Tarehe ya Uteuzi wa Wachezaji Kisiwani Mombasa

Mtu atokaye Ngomeni, akauacha Mji wa Kale nyuma yake na kushika njia ya kuelekea Ganjoni hadi Mbaraki, hupita, katika mwendo usiomchosha hata mzee, viwanja ambavyo juu yake vijana wa kisiwa hiki wamekuwa wakipimwa kwa muda wa miaka mingi: Serani, ulio jirani na vichochoro vya Mji wa Kale, uwanja wa Klabu ya Michezo ya Mombasa, iliyoasisiwa mwaka 1896, mwaka ule ule ambao reli ya Uganda ilianza kutandikwa, na uwanja wa Mbaraki, wanapochezea watu wa bandari. Mengi yamesimuliwa juu ya mabao yaliyofungwa katika viwanja vya kisiwa hiki, na machache mno juu ya wale waliokaa pembeni wakitazama kwa nia ya kuchagua. Ilhali mchezaji, hata akiwa na mbio zisizo kifani, hawi mchezaji wa timu mpaka atokee mtu wa kumwona, kumkadiria na kumwita. Ni tarehe ya watazamaji hao niitakayo hapa, na khasa ya namna walivyompima mchezaji wa mbele, winga na senta fowadi, ambaye riziki yake yote i katika kukimbia.

Mpira wa miguu ulifika kwetu pamoja na dola ya Waingereza, mabaharia wao na misheni zao, ukaukuta mji uliokwisha kuzoea kushindana kwa ngoma, kwa mashairi na kwa mashua, na kwa hiyo haukukawia kupata wafuasi waliokuwa tayari kugawanyika makundi mawili na kutaniana hadi usiku wa manane. Klabu ile ya Michezo, ya Ganjoni, ilikuwa ya Wazungu, wala haikuwa mlango wa mtoto wa Kiswahili kuingia akacheza. Yeye alikuwa na Serani, ufuo, na nafasi yoyote iliyoachwa wazi baina ya nyumba. Nao uwanja wa mpira wa Majengo ulipata tarehe yake nyingine, kwani ndipo walipokusanyika wafanyakazi waliogoma Januari 1947, wakauita Kiwanja cha Maskini. Jambo hilo linaonyesha kwamba uwanja wa mpira katika mji huu ulikuwa baraza kubwa kuliko mabaraza yote, mahali ambapo watu walikuwa na desturi ya kukutana na kuhukumu kwa pamoja.

Haja ya kuteua kwa makini ilizidi pale mashindano yalipovuka mipaka ya mji. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni, lilianza kushindaniwa baina ya Kenya na Uganda mwaka 1926, Tanganyika ikajiunga mwaka 1945. Na ndani ya Kenya kulikuwa na Kombe la Remington, ambalo timu za wilaya ziliwania. Timu ya mtaa huteuliwa na mtaa, na akikosewa mtu, kosa hilo humalizwa kwa maneno jioni ile ile. Lakini timu ya Mombasa nzima, inayopanda gari la moshi usiku kucha hadi Nairobi kwa fahari ya mji, haiwezi kuteuliwa kwa mazoea wala kwa haya.

Basi walitazama nini? Walitazama, kwanza kabisa, ardhi iliyomlea kijana. Mtoto wa Kibokoni au wa Kuze, katika Mji wa Kale, amekulia penye hatua chache tu baina ya ukuta na ukuta, akisukuma mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba, na hapo amejifunza kugeuka ghafula, kuuficha mpira, na kupiga chenga pasipo na nafasi ya chenga. Lakini mtoto huyo, akitolewa nje penye nyasi na upeo wa macho, mara nyingi huendelea kugeuka pale ambapo ilimpasa kunyoosha mbio. Na mtoto aliyelelewa viwanja vya wazi hukimbia kwa uzuri wa kupendeza macho, kisha akibanwa na mabeki wawili hupotea kabisa. Mtazamaji mwenye firasa hakumhukumu yeyote kati yao mpaka amwone katika uwanja wa mwenziwe, na naona hiyo ndiyo iliyokuwa akili bora ya watu wale, kwamba hawakuuchanganya ustadi wa kijana na fadhila ya mahali alipozoea.

Kisha zilikuja njumu. Vijana wengi walicheza miguu mitupu miaka yote ya utoto wao, na ngozi ya wayo ikawa ndiyo kiatu chao; walipopewa njumu za ngozi nzito, wako waliokuwa umeme wakawa wazito, na wako waliokuwa wa kadiri wakapata ujasiri wa kutia mguu mahali ambapo zamani waliuogopea. Kadhalika majira: mtu anayekimbia vyema wakati wa kusi, hewa ikiwa baridi, si lazima awe yule yule katika joto la kaskazi, wala katika matope ya masika, wala katika mwezi wa Ramadhani anapocheza alasiri na kinywa kikavu. Kumwona kijana siku moja na kutoa hukumu kulihesabiwa kuwa upungufu wa adabu ya kazi.

Lakini kilichotazamwa kuliko vyote ni hali ya mkimbiaji baada ya kugongwa. Kumpita beki asiyekugusa ni jambo ambalo vijana wengi huliweza. Kugongwa bega, kuyumba, na bado kuuona mpira na kujua mwenzako yu wapi, hilo ni la wachache, na wazee wa pembeni waliutazama uso kuliko miguu, kwa maana uso hutangulia kusema kama kijana amekasirika, amehofu, au anaendelea na shauri lake. Fauka ya hayo waliuliza habari za nyumbani: je, mzazi ametoa idhini, na je, kijana huyu akisifiwa sokoni Ijumaa atarudi mazoezini Jumamosi? Sisemi kwamba mizani hiyo haikuwa na dhuluma. Upendeleo wa mtaa ulikuwepo, na wa aila ulikuwepo, na bila shaka wako watoto hodari walioachwa kwa kuwa hapakuwa na mjomba wa kuwatajia majina yao.

Palikuwa na mizani nyingine vilevile, ya ajira. Bandari na makampuni yake yalikuwa na timu, na timu hizo zilimpa mchezaji kazi. Kwa hiyo aliyempima mkimbiaji alipima pia kama atafaa kuwekwa ghalani au ofisini, na mkimbiaji naye alipima kama mshahara wa mwezi si bora kuliko sifa za mtaani. Kutoka katika timu hizo za bandari ndipo ilipotoka Bandari FC ya leo, yenye makazi yake Mbaraki. Huu ndio uliokuwa mpira wetu wa kulipwa kabla haujaitwa hivyo.

Ni vyema hapa kuitazama nchi ambayo imeligeuza jambo hili kuwa elimu na biashara kubwa. Marekani wana mpira wao, unaochukuliwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa miguu, na ndani yake yuko mchezaji ambaye kazi yake ni kuupokea mpira nyuma ya safu ya wenziwe na kupenya nao katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Tarehe 8 Februari 1936, mjini Philadelphia, wenye timu tisa za kulipwa walikutana wakiwa na orodha ya majina 90 ya vijana wa vyuo vikuu, wakateua kwa zamu, timu dhaifu ikitangulia, kwa shauri la Bert Bell aliyekuwa na timu ya mji huo. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la mkimbiaji, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyehesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi mwaka uliotangulia. Philadelphia ikaiachia timu ya Chicago haki ya kumchukua, mapatano ya malipo yakashindikana, na Berwanger hakucheza hata mchezo mmoja wa kulipwa maishani mwake. Hivyo uteuzi wa kwanza kabisa wa mfumo ule ulianza kwa mtu aliyepimwa vyema miguuni na kusahauliwa kuulizwa anataka nini. Na wazee wetu waliouliza habari za nyumbani hawakuwa wajinga.

Tangu mwaka 1987 vijana wanaongojea uteuzi huo huitwa mji wa Indianapolis, wakapimwa kimo na uzito, wakaruka, wakachunguzwa viungo na madaktari, na wakakimbizwa yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu hivi, kwa saa inayohesabu mia za sekunde. Pamoja na vyombo vyote hivyo, mwaka 1990 Emmitt Smith alisemwa kuwa mfupi na mzito wa mbio, watu kumi na sita wakaitwa kabla yake, akateuliwa wa 17, akaja kumaliza kazi yake akiwa na yadi 18,355, ambazo hakuna mkimbiaji aliyezifikia katika ligi hiyo. Mwaka 1995 wa kwanza kuteuliwa alikuwa Ki-Jana Carter, aliyeumia goti katika mchezo wa matayarisho hata kabla msimu haujaanza, wala hakurudi kuwa yule aliyetarajiwa. Na katika uteuzi huo huo, Terrell Davis alisubiri mpaka watu 195 wameitwa, naye baada ya miaka mitatu akakimbia yadi 2,008 katika msimu mmoja. Wana wa Afrika Mashariki wamepita katika mizani hiyo pia: Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, aliteuliwa wa 32 mwaka 2006, na kazi yake ilikuwa ya upande wa pili, yaani kuwaangusha hao wakimbiaji.

Turudi kwetu. Ligi ya Kenya ilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ikawa bingwa wa nchi nzima. Mji huu ulikuwa pia na Liverpool, iliyokuja kuitwa Mwenge, na ulikuwa na watu kama Ali Kajo, aliyevaa jezi ya taifa katika zama za mchezaji mashuhuri Joe Kadenge. Ushindi wa 1965 ni shahidi wa uhodari wa watazamaji wa pembeni, kwa sababu timu haitwai ubingwa wa ligi nzima kwa bahati ya siku moja. Lakini wateuzi wa taifa walikaa Nairobi, na mkimbiaji wa Pwani aliweza kung'ara msimu mzima bila ya kuonwa na jicho lenye amri. Redio ilisaidia, na sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown ng'ambo ya maji, ilimfanya Kadenge ajulikane hata na watu ambao hawakupata kumwona. Ila redio humtangaza aliyekwisha teuliwa. Baadaye njia nyingine ilifunguka upande wa Oman, nchi yenye jamaa na lugha yetu, na Mahmoud Abbas, kipa wa Mombasa aliyeilindia Kenya lango katika enzi iliyotwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983, ni mmoja wa waliokwenda huko kucheza.

Linalonisikitisha si kwamba watu wetu walipima kwa macho, maana saa ya Indianapolis haikumwona Smith wala Davis. Linalonisikitisha ni kwamba hawakuandika. Mmarekani anajua leo, kwa jina na kwa nambari, ni nani aliyekosea kumpima mchezaji na mwaka gani, na kutokana na hesabu hizo amejifunza kwamba maisha ya mkimbiaji ni mafupi, goti likiwa ndilo hazina yake na ndilo hatari yake, hata mwaka 2013 hakuteuliwa mkimbiaji yeyote katika duru ya kwanza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1963. Sisi tuna masimulizi matamu ya winga wa Mkanyageni na fowadi wa Ganjoni, lakini hatuna pa kwenda kutazama ni nani aliyemwita, alimwona mara ngapi, kwa nini mwenziwe aliachwa, na yule aliyeachwa akawa nani.

Daftari kama hilo halihitaji mali. Shule zetu zina rejista za watoto, vilabu vina makatibu, na Serani na Mbaraki hazikosi watazamaji kila alasiri. Lihitajikalo ni mtu mwaminifu wa kuandika jina la kijana, umri wake, mguu wake wa nguvu, uwanja alikoonwa, hali yake baada ya kugongwa, na hukumu ya mtazamaji pamoja na jina la mtazamaji mwenyewe, ili baada ya miaka mitano pawepo wa kuulizwa. Lakini kabla ya vijana, waandikwe wazee, kwa kuwa aliyekuwa na miaka ishirini Feisal ilipotwaa ubingwa sasa amekwisha kufika themanini, na yale aliyoyajua juu ya kumtambua mkimbiaji hayako mahali pengine popote.