Mji mpya wa Kigamboni: zuio, fidia na haki zako

Wadau, kila nikisikia mradi mkubwa wa nyumba unakuja mahali, nakumbuka Kigamboni. Kwa ambao hamkuwepo, stori ni hii.

Mwaka 2008 serikali ilitangaza kujenga mji wa kisasa ng'ambo ya feri, Dar es Salaam. Wakazi wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao. Hapo ndipo kilio kilipoanza: chumba cha pili huongezi, fidia hujalipwa, na utahama lini hujui. Miaka ikakatika. Daraja la Nyerere lilifunguliwa 2016, lakini mji ule wa kwenye michoro haukujengwa.

Mimi naona kilichouma zaidi ni kusubiri bila tarehe.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Inahesabu bei ya soko, usumbufu, usafiri na faida unayopoteza. Kwa hiyo mradi ukija mtaani kwenu, msisaini fomu hamjaisoma. Nendeni mkutano wa mtaa muulize: mpaka unapita wapi? Tathmini lini? Malipo lini? Na hati za mauziano zitunzeni jamani.

Je, kwenu hali ikoje?