Dhamana Ikiisha, Je, Aibu Nayo Huisha?

Tangu KNCU ilipoundwa Moshi mwaka 1933 kuuza kahawa ya wakulima wa Kilimanjaro, aibu ya gunia ni ile ile: unyevu uliofichwa ndani huongeza uzito mizanini, kisha ukungu hutokea ghalani. Kabla ya hapo, Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni Madina, akakuta maji chini, akamkemea muuzaji.

Mafakihi wa Kishafii wanasema: aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha, hata akiigundua baadaye, ila akishaijua asichelewe, wala asiendelee kuitumia bidhaa.

Basi redio ya dhamana ya miezi 6 ikifa mwezi wa 7? Ulizeni kama ubovu ulitoka nao dukani. Na aliyeiangusha mwenyewe, akairudisha kimya, naye amelowesha nafaka.