Sinthesaiza za jedwali la mawimbi na mnunuzi wa Rumonge
Sinthesaiza ya jedwali la mawimbi ni ala ya kielektroniki inayohifadhi mfululizo wa mawimbi mafupi ya sauti na kupita kutoka wimbi moja hadi jingine wakati kidole kingali juu ya ufunguo. Noti moja huweza kuanza kama kengele na kuishia kama filimbi.

Mjerumani Wolfgang Palm aliiingiza sokoni kupitia kampuni yake ya PPG, mjini Hamburg. PPG Wave 2 ya mwaka 1981 ilikuwa na majedwali yenye mawimbi 64 kila moja, lakini bei yake ilikuwa ya studio kubwa. PPG ilifungwa mwaka 1987. Waldorf ikaendeleza kazi hiyo kwa Microwave ya mwaka 1989.

Siku hizi bei zimeshuka. MicroFreak ya Arturia (2019) ni ndogo, ina funguo 25 za kugusa tu, hutoa noti 4 kwa pamoja na zote hupita katika chujio moja. Wavestate ya Korg (2020) ina funguo 37, hufikia sauti 64 na hupanga mawimbi yafuatane kwa zamu. Kwa mtunzi wa studio, Wavestate ni tajiri zaidi. MicroFreak hujifunzwa haraka.

Hata hivyo, Rumonge, mji wa mawese na ndagala kusini mwa Bujumbura, swali ni jingine. Kwaya au kikundi cha harusi kinachochanga fedha mara moja kinahitaji ala itakayosikika jioni hiyo hiyo. Sinthesaiza hizo mbili hazina spika, wala hazina mitindo ya kuandamana na mwimbaji. Kinanda cha kawaida kama Yamaha PSR-E373 kina funguo 61, spika zake, mitindo 205 na nafasi ya betri 6, jambo zito umeme unapokatika. Wanaokidharau kinanda hicho kwa sauti zake za kiwandani husahau kwamba kinabeba ngoma, besi na gitaa kwa mpigaji mmoja.

Vijana wenye kompyuta wana njia nyingine. Vital, programu ya jedwali la mawimbi iliyotolewa na Matt Tytel mwaka 2020, ina toleo la msingi lisilolipiwa. Ikishapakuliwa, hutumika bila intaneti.